Usimwamshe Aliyelala: Muziki, Wazee na Deni la Anayetoa

Wahenga walisema: "Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe." Nilifundishwa methali hii nilipokuwa sekondari, na maana niliyopewa ilikuwa ya tahadhari tu: usimzindue mwenzako katika jambo ambalo baadaye atakushinda. Niliiandika katika daftari, nikaitumia katika mtihani, nikaisahau. Mwaka huu imenirudia mahali nisipotarajia, katika makao ya wazee yaliyo nje kidogo ya jiji la Kampala, nikiwa nimeshika spika ndogo mkononi.

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: je, tuna haki ya kuamsha kumbukumbu za mtu mwingine, hasa mzee ambaye hawezi tena kutuambia kama anataka ziamshwe au ziachwe zilale? Na kama haki hiyo tunayo, anayeamsha anadaiwa nini na aliyeamshwa? Najua swali hili linaweza kuonekana dogo. Kumpigia bibi muziki si kosa la jinai. Hata mimi nililiona dogo mpaka Jumamosi ya tatu. Kwa hiyo nitasimulia kwanza, kisha nitajadili.

Mambo yalianza darasani. Mhadhiri wetu wa saikolojia ya elimu alituonyesha kipande cha filamu ya Kimarekani iitwayo Alive Inside, iliyotoka mwaka 2014. Ndani yake yumo mzee mweusi anayeishi katika nyumba ya wazee. Ameinamisha kichwa, haongei na mtu. Anawekewa vipokea sauti masikioni, muziki unaanza, na mzee yule anafumbua macho, anatikisa mabega, anaimba. Muziki ukishazimwa anaulizwa maswali, naye anajibu. Mwanamuziki anayempenda, anasema, ni Cab Calloway.

Kwa wasiomfahamu, Cab Calloway alikuwa kiongozi wa bendi mojawapo kubwa za Marekani za miaka ya 1930. Wakati huo muziki wa dansi ulipigwa na bendi za watu kumi na wawili, kumi na watano, wakati mwingine zaidi: safu ya tarumbeta, safu ya tromboni, safu ya saksafoni, na nyuma yao piano, gitaa, besi na ngoma. Safu moja inauliza, nyingine inajibu, na mdundo unayumba kwa namna inayomfanya hata aliyekaa atikise mguu. Mtindo huo uliitwa swingi. Duke Ellington, Count Basie, Benny Goodman na Glenn Miller walikuwa majina makubwa ya zama hizo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha bendi nyingi za namna hiyo zilivunjika, lakini vijana waliozicheza walizeeka nazo moyoni. Ndiyo maana huko kwao mtu anayetaka kuwafurahisha wazee wa rika hilo huwapelekea swingi.

Mhadhiri alitueleza pia kwamba watu wazima wakiulizwa habari za maisha yao, hukumbuka zaidi mambo ya umri wa takriban miaka kumi hadi thelathini, na kwamba muziki wa umri huo hushika kuliko wa umri mwingine wowote. Kumbukumbu ya muziki mara nyingi hubaki hata pale ugonjwa wa kusahau unapokuwa umekwisha kufuta majina ya watoto. Tulitoka darasani tumewaka. Wanne kati yetu, sote wa mwaka wa pili, tunaosomea ualimu wa Kiswahili, tukaamua kwamba kila Jumamosi tutakwenda katika makao fulani ya wazee yanayoendeshwa na masista, na tutawapigia wazee muziki.

Hapa ndipo tulipofanya kosa la kwanza, na nalisimulia hata kama linachekesha. Tulipakua muziki uleule. Tulijaza simu Glenn Miller, Ellington na Basie, tukapanda matatu, tukaenda kuwapigia wazee wa Buganda, Busoga na Acholi swingi ya Kimarekani. Kama mtu angetuuliza kwa nini, tungejibu: "Wazee wanapenda muziki wa zamani." Tulifikiri zamani ni nchi moja, na wazee wote ni raia wake.

Walitusikiliza kwa adabu. Walikaa kama watu walioalikwa kwenye harusi wasiyomjua bwana wala bibi. Jjajja mmoja akauliza tumetumwa na kanisa gani. Mwingine akasinzia. Nilikuwa karibu kuzima nilipomwona mzee mmoja aliyekaa dirishani, ambaye wenzake wote humwita Afande. Alikuwa anatazama nje kana kwamba hatupo, lakini vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinapanda na kushuka juu ya goti, kimoja kimoja, viwili viwili. Nilimsogelea nikapiga magoti kama nilivyolelewa. Akaniambia kwa Kiswahili, bila kugeuka:

"Huyo ni tarumbeta ya kwanza. Mimi nilikuwa ya pili."

Afande aliingia katika bendi ya polisi mwaka 1956 akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Kiswahili chake ni cha hukohuko, kwa kuwa ndicho kilichotumiwa na askari wa makabila mbalimbali kuelewana. Mchana walipiga nyimbo za gwaride. Jumamosi usiku baadhi yao walichukuliwa kwenda kupiga muziki wa dansi katika klabu ya Wazungu, na muziki wenyewe ulikuwa huu tuliouleta: wimbo wa "In the Mood", uliovuma kwa bendi ya Glenn Miller tangu mwaka 1939, alikuwa anaujua tangu mwanzo hadi mwisho. "Tuliingia kwa mlango wa jikoni," alisema. "Tukapiga mpaka saa saba. Tukatoka kwa mlango wa jikoni."

Nilijisikia vibaya. Nikamwambia, "Pole, Afande. Basi nizime?"

Akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza. "Nani amekwambia uzime? Klabu ilikuwa yao. Tarumbeta nilipuliza mimi."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko mihadhara mingi. Ndani ya dakika tano nilikuwa nimemhukumu mzee yule mara mbili, na mara zote mbili nilikosea. Kwanza nilidhani kwamba muziki wa ujana wake lazima umletee furaha. Kisha, niliposikia habari ya mlango wa jikoni, nikadhani lazima umletee uchungu. Mara ya kwanza niliamua kwa niaba yake afurahi nini, na mara ya pili nikaamua kwa niaba yake aumie kwa nini. Hapakuwa na tofauti kubwa kati ya makosa hayo mawili. Katika yote mawili Afande hakuwa mtu, alikuwa mfano wa kizazi chake.

Na jambo hili si la Kampala peke yake. Duke Ellington alianza kupiga Cotton Club, huko Harlem, mwaka 1927, na Calloway akashika zamu katika klabu hiyohiyo mwaka 1931. Waliopiga na waliocheza jukwaani walikuwa weusi. Waliokaa mezani wakinywa walikuwa weupe, kwa kuwa klabu ile haikuwapokea weusi kama wateja. Kwa hiyo muziki uliomwamsha mzee yule wa kwenye filamu ulikomaa mahali ambapo yeye mwenyewe asingeruhusiwa kuketi. Je, kuna aliyekuwa na haki ya kumwambia asiufurahie kwa sababu hiyo? Na je, kuna aliyekuwa na haki ya kumpigia mzee mwingine mweusi muziki huohuo bila kumuuliza kwanza unamkumbusha nini? Nadhani jibu la maswali yote mawili ni hapana. Maana ya kumbukumbu iko mikononi mwa mwenye kumbukumbu. Wimbo mmoja unaweza kubeba aibu na fahari pamoja, na ni yeye tu anayejua vimefungwaje.

Tukajifunza kuuliza. Jumamosi ya pili hatukupiga muziki hata kidogo. Tulikaa na kila mzee mmoja mmoja, tukamuuliza alicheza nini, wapi, na nani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata lugha yetu ni aina ya muziki wa zamani. Kulikuwa na Jjajja mmoja pembeni, mdogo wa mwili, mwenye leso ya kijani. Nilimwamkia "Shikamoo" kwa furaha yote ya mwanafunzi wa Kiswahili. Akavuta leso mpaka kidevuni na kutazama mlango. Sista akanivuta kando. Mume wa Jjajja huyo alichukuliwa nyumbani usiku mmoja mwaka 1977, na wanaume waliomchukua walizungumza Kiswahili. Hakurudi.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania huenda wasilielewe jambo hili haraka. Kwetu Uganda, Kiswahili kina makovu. Idi Amin alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, lugha ya kambini ikawa lugha ya vizuizi vya barabarani. Mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa watu wengi wa kusini hilo halikukipendezesha, lilikitia doa. Leo kinafundishwa shuleni, ni lugha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sisi tunakisoma kwa mapenzi. Lakini kwa Jjajja yule, Kiswahili ni mlango unaogongwa usiku. Nilipiga magoti nikamsalimu upya kwa Kiganda. Akaitikia salamu yote, mpaka mwisho wake mrefu, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Jjajja ana ugonjwa wa kusahau. Siku nyingine anamjua Sista, siku nyingine anamwita kwa jina la dada yake. Mpwa wake, ambaye huja kumtembelea, alituambia kwamba katika ujana wake alipenda rumba ya Kongo kuliko chakula, na kwamba mumewe alikuwa na santuri za OK Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956 katika jiji lililoitwa wakati ule Léopoldville. Tulifurahi. Safari hii tulikuwa tumeuliza. Safari hii hatukubahatisha.

Jumamosi ya tatu tukampigia wimbo mmoja wa OK Jazz. Gitaa lilipoanza tu, Jjajja aliinua uso. Akaanza kuimba, na Kilingala ambacho hakijui kikamtoka kinywani bila kukosea. Kisha akasimama. Sista alinyoosha mkono kumshika, lakini hakuhitaji. Jjajja aliinua mikono yake miwili kama mtu anayemshika mwenzake begani na kiunoni, akafumba macho, akacheza taratibu na hewa. Wazee wakapiga makofi. Afande alisimama dirishani akapiga saluti. Mwenzangu mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Saa kumi na moja tukaaga, kwa kuwa foleni ya jioni huwa ndefu. Kabla hatujafika mjini, Jjajja alikuwa kwenye status za WhatsApp za watu wanne. Nilipata mioyo mingi. Nililala usingizi mzuri.

Jumamosi iliyofuata Sista aliniita jikoni. Alisema kwa upole, ndiyo maana yaliniingia zaidi. Tulipoondoka, Jjajja alikwenda kusimama mlangoni. Akauliza kama mumewe amerudi kutoka kazini. Akaletewa kiti, akakataa. Akaletewa chakula, akasema atamsubiri wale pamoja. Alisimama mpaka usiku ukawa mwingi. Kesho yake ilikuwa vivyo hivyo. Siku ya tatu alisahau. Nilimuuliza Sista walimjibu nini alipouliza. Akaniambia jibu walilompa kwa Kiganda, ambalo kwa Kiswahili ni neno moja: "Bado."

Sisi wanne tulirudi kwa miguu mpaka barabara kuu tukibishana. Nitaeleza hoja zilizotolewa, kwa kuwa sidhani kama yupo kati yetu aliyesema upuuzi.

Mmoja alisema tuache. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu asiyeweza kukubali wala kukataa asifanyiwe jambo la hatari ambalo si la lazima. Dawa ni lazima, muziki si lazima. Tulichofanya, alisema, ni kumfungua mtu kidonda kilichofunikwa, kisha tukashangilia ngozi ilivyokuwa laini.

Wa pili alisema tuendelee. Yeye alisema Jjajja alikuwa na dakika nne za furaha ambazo huenda hakuwa nazo kwa miaka. Kuhusu huzuni, aliisahau siku ya tatu, na huzuni iliyosahaulika ni kama haikuwapo.

Wa tatu alimkatiza papo hapo: "Basi hata ile furaha haikuwapo, maana nayo ameisahau."

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha jambo. Watu wengi wanaotetea kazi kama yetu husema kwamba furaha ya mzee ina thamani hata kama hataikumbuka kesho. Nami naamini hivyo. Chakula nilichokula juzi nimekwisha kukisahau, na leo nina njaa tena, lakini hakuna anayesema kwamba juzi nilipewa chakula bure. Kilinishibisha siku ile. Furaha nayo hushibisha siku yake. Lakini tukikubali hivyo, haki inatutaka tukubali na upande wa pili: huzuni nayo huumiza siku yake. Zile saa alizosimama mlangoni alizisimama kwa miguu yake, na njaa ile aliisikia kwa tumbo lake. Hatuwezi kuweka furaha yake kwenye mizani kwa sababu aliiishi, kisha tukaiondoa huzuni yake kwa sababu aliisahau. Anayefanya hivyo anapima kwa mizani mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia.

Mwanafalsafa Ronald Dworkin, katika kitabu chake Life's Dominion cha mwaka 1993, anatofautisha aina mbili za maslahi ya mtu. Kuna maslahi ya hisia: kufurahia chakula kitamu, muziki, jua la asubuhi. Na kuna maslahi ya msingi: yale ambayo mtu anaona ndiyo yanayoyapa maisha yake maana, kama vile uaminifu kwa mwenzi wake au kwa imani yake. Dworkin anauliza maswali haya hasa kuhusu watu waliopotewa na kumbukumbu. Nikitumia tofauti hiyo, naona kwamba kilichotokea kwa Jjajja hakikuwa tu furaha ikifuatwa na maumivu. Kumsubiri mumewe lilikuwa tendo la upendo, huenda tendo lake kubwa kuliko yote. Mwanamke yule hakuwa amechanganyikiwa kuhusu anampenda nani. Alikosea mwaka tu.

Lakini lazima nijihadhari na hoja yangu mwenyewe. Ni rahisi mno kwangu, niliyekuwa nimelala hosteli, kusema kwamba kusubiri kwake kulikuwa kuzuri. Aliyekuwa anamshika mkono saa tano usiku hakuwa mimi. Uzuri wa mateso ya mtu mwingine ni jambo ambalo aliye mbali hapaswi kulitamka kwa sauti kubwa. Kwa hiyo hoja hii naiacha hivi: huenda ni kweli, ila si mimi wa kuitumia kujitetea.

Kuna pia suala la lile neno "bado". Je, Sista alidanganya? Ukilitazama neno lenyewe, ni kweli tupu. Mume wa Jjajja hajarudi. Kaburi lake halijulikani, na hakuna aliyewahi kumletea mkewe habari ya hakika. Lakini "bado" hubeba ahadi pia. Husema kwamba kinachosubiriwa kinaweza kuja. Mwalimu wangu wa maadili angesema kwamba kumfanya mtu aamini lisilo kweli kwa kutumia maneno ya kweli ni uongo uliovaa kanzu. Nilikuwa na msimamo huo huo nilipoanza kuandika insha hii. Sasa sina hakika nao. Kumwambia Jjajja "alikufa" kila anapouliza ni kumfanya mjane upya kila jioni, na hatabaki na kitu cha kumfaa katika ukweli huo, kwa kuwa asubuhi utakuwa umefutika. Ukweli tunaudaiana kwa sababu mtu anauhitaji apate kuishi sawasawa. Pale ambapo hawezi tena kuutumia, nadhani deni linabadilika: badala ya habari, anadaiwa mtu wa kukaa naye. Sista alisema "bado", kisha akakaa. Sisi hatukusema chochote, tukaondoka.

Hapo ndipo niliporudi kwenye methali. "Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe." Nilikuwa nimeichukua kama onyo la kumhofia mwingine. Sasa naisoma kama maelezo ya kilichotokea, neno kwa neno. Tulimwamsha Jjajja, kisha sisi tukaenda kulala. Kosa letu halikuwa katika kuamsha. Lilikuwa katika kulala.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni kwamba haki ya kuamsha kumbukumbu ya mwingine ipo, ila haisimami peke yake. Kwanza, inamdai anayetoa amjue anayempa, mtu huyu wala si kizazi chake. Ukimpelekea mzee muziki wa zamani bila kumuuliza zamani yake, unampelekea zamani ya mtu mwingine. Pili, inamdai asitoe kwa ajili ya macho ya watu. Kiswahili kinasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Zama zetu zingeweza kuongeza: wala usambe ni picha. Jjajja hakucheza kwa ajili ya marafiki zangu wa mtandaoni, na nisingependa mjukuu wa mtu anionyeshe hivyo siku nitakapokuwa ninacheza na hewa. Tatu, na hili ndilo zito, inamdai abaki mpaka kilichoamka kilale tena. Zawadi ya namna hii haiishi wimbo unapokwisha, na sehemu yake ngumu huanza spika ikishazimwa. Asiye na nafasi ya kubaki kwa sehemu ya pili, basi asianze ya kwanza.

Kuna pingamizi ninalolijua. Mtu atasema: mkiweka masharti hayo, nani atakwenda? Wanafunzi wana mitihani, nauli ni ghali, na masista ni wachache. Afadhali furaha yenye kasoro kuliko Jumamosi kimya. Pingamizi hili ni la haki na sina jibu linaloliondoa lote. Ninachoweza kusema ni tulichofanya. Tulimuuliza Sista kama tuache. Akasema, "Msiache kuja. Acheni kukimbia." Tulifuta zile picha, ingawa najua kilichokwisha kuonwa hakifutiki. Sasa tunafika asubuhi, tunapiga muziki kabla ya chakula cha mchana ili mchana wote uwepo wa kutuliza, na wawili kati yetu hubaki kwa zamu mpaka wazee walale. Tumeanza kuja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ili tutakapomaliza chuo sura zisibadilike zote kwa siku moja. Tunakwenda mara mbili kwa mwezi badala ya nne. Ni furaha chache zaidi, lakini hatuzitelekezi.

Mwezi uliopita, mpwa wa Jjajja alikuwapo, tukashauriana naye na Sista, tukapiga tena ule wimbo wa OK Jazz. Jjajja alicheza, kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Jioni akaenda mlangoni. Ilikuwa zamu yangu. Nilipeleka viti viwili. Aliniuliza kama amerudi. Koo lilinikauka, nikamjibu kama Sista. Tulikaa hapo pamoja mpaka saa tatu usiku, akiniambia jinsi anavyotembea, jinsi anavyokohoa kabla ya kufungua geti ili asimshtue. Nilijifunza mengi kuhusu mtu aliyetoweka kabla mama yangu hajazaliwa. Aliposikia baridi alikubali kuingia ndani, akala kidogo, akalala.

Sijui kama tulifanya vema. Najua kwamba safari ile yeye alitangulia kulala, na mimi nilikuwa macho.